Viungo vya Marikiti na Maumivu ya Kila Mwezi

Mgeni wa Mombasa hukaribishwa na harufu kabla ya kukaribishwa na watu. Ukishuka matatu katika barabara ya Digo na kuingia Marikiti, soko ambalo ramani huliita Mackinnon lakini wenyeji walikwisha kulipa jina lao, hatua chache tu zatosha kukujulisha ulipo. Karafuu, iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga, kila kimoja kinagombania nafasi puani mwako. Nje wamejipanga wauza nazi, ndimu na maembe. Ndani na pembeni ni magunia yaliyofunguliwa midomo, na wauzaji wenye vijiko vya bati mikononi ambao wanaweza kukupimia viungo vya pilau huku wakizungumza na wateja wengine watatu.

Wengi wetu tunaotoka bara hufika hapa kutafuta viungo, kahawa na mabuyu ya rangi ya kupeleka nyumbani. Tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari hiyo imekuwa ya nusu siku tu, na kituo cha Miritini humwaga wageni kila uchao. Lakini miongoni mwa wateja wa soko hili wako wanaokuja kwa jambo lisilotajwa kwa sauti. Ni akina mama na wasichana wanaotafuta cha kutuliza tumbo la mwezi.

Hilo ndilo lililotuleta sisi pia. Nilikuwa nimefuatana na binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Nairobi, ambaye kila mwezi hupoteza siku mbili za masomo akiwa amejikunja kitandani. Nyanya yake alishikilia kwamba dawa iko Pwani. Mwalimu wake alisema apelekwe hospitali. Yeye mwenyewe alisema amechoka kuambiwa kwamba atazoea. Basi tukaamua kuitumia likizo ya Agosti kuwasikiliza wote: wauza viungo, wazee wa Mji wa Kale na waliosomea udaktari.

Kijiko cha bati na maswali mawili

Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kofia ya vito. Nilipomweleza kwa kuzungukazunguka kwamba tunataka kitu cha tumbo la kike, hakucheka wala hakuinamisha uso. Aliuliza mawili tu.

"Ana mimba? Ana vidonda vya tumbo?"

Binti alitazama chini kwa haya, kisha akajibu la kwa yote mawili. Hapo ndipo mzee alipoanza kuchota. Kwanza alitutolea tangawizi kavu, vipande vyeupe vilivyokunjamana kama vidole vya bibi kizee. Tangawizi hulimwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na milima ya Upare katika wilaya ya Same, Tanzania, ina sifa kubwa kwa zao hili.

Kisha akatuonyesha mdalasini wa aina mbili. Mmoja ni gome nene, gumu, lenye rangi ya kahawia iliyokolea. Wa pili ni mwembamba, umejikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi, na ukiubana kwa vidole unavunjika. Huu wa pili ndio mdalasini wenye asili ya Sri Lanka. Tofauti hiyo si ya bei peke yake. Gome nene lina kwa wingi kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikitumiwa kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu kinaweza kuidhuru ini. Kwa pilau ya Idi hakuna neno, lakini kwa mtu atakayekunywa kila siku, afadhali ule mwembamba.

Zikafuata shamari, mbegu za kijani zenye utamu wa mbali ambazo wengi hutafuna baada ya chakula, na uwatu, mbegu ndogo za manjano zenye uchungu wake. Mwisho akaweka karafuu kiganjani mwa binti na kumwambia azifikiche anuse.

Karafuu nayo ina safari yake. Mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Sayyid Said wa Oman ukaenea katika mashamba makubwa ya Unguja na Pemba, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Hadi leo Pemba ndiyo yenye mikarafuu mingi kuliko Unguja. Kwa hiyo kikonyo hicho kidogo kimebeba raha na machungu kwa pamoja.

"Tangawizi ndiyo mkubwa wao," alisema mzee huku akifunga vifurushi vya karatasi. "Hawa wengine ni wasaidizi. Na ikipita miezi mitatu mwanangu hajapata nafuu, msirudi kwangu. Nendeni mkamwone daktari."

Chupa ya maji meusi

Si kila muuzaji ana uadilifu huo. Mitaa michache kutoka hapo, mchuuzi wa kando ya barabara alituonyesha chupa ya maji meusi. Alidai kwamba yanatibu chango, kisukari, mikosi na ugumba, tena kwa wiki moja. Binti alipomuuliza kilichomo ndani, alijibiwa kwamba ni siri ya mizizi. Tulimshukuru tukaenda zetu. Dawa ambayo mwenyewe hawezi kukutajia jina la mti wake ni ya kuachwa palepale ilipo.

Hapa yafaa tulieleze neno lenyewe. Pwani, maumivu ya tumbo la hedhi huitwa chango, na wako wanaosema chango la uzazi. Neno hili limebeba maana nyingi. Kwa wengine ni maumivu tu. Kwa wengine ni ugonjwa unaokaa tumboni, unaosokota matumbo na kula uzazi wa mwanamke usipotolewa. Imani hii ya pili ndiyo mtaji wa wauza maji meusi. Msichana wa miaka kumi na sita akiambiwa kwamba maumivu yake yatamnyima watoto, atanunua chochote, na mama yake ataongeza pesa juu yake.

Ukweli ni kwamba maumivu ya kawaida ya hedhi hayamfanyi mwanamke kuwa tasa. Ni kweli pia kwamba yako maradhi machache yanayoleta maumivu ya hedhi na ambayo yanaweza kuugusa uzazi. Tutayafikia.

Kwa nini tumbo huuma

Kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando laini kwa ajili ya kumpokea mtoto. Mimba isipotunga, utando huo huvunjika na kutoka kama damu. Unapovunjika hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kazi yake ni kuiamrisha misuli ya mji wa mimba ijibane ili kuisukuma damu nje. Zikiwa nyingi kupita kiasi, misuli hujibana kwa nguvu hata mishipa inayoipelekea damu ikabanwa. Misuli iliyokosa damu huuma, kama vile mguu unavyouma ukishikwa na mkwiriri.

Ndiyo maana maumivu huwa makali zaidi siku ya kwanza na ya pili, kisha yakapungua. Na kwa kuwa prostaglandini haziishii kwenye mji wa mimba peke yake, wasichana wengi huharisha, hutapika, huumwa na kichwa au mgongo siku hizo hizo. Si deko wala si uvivu. Ni kazi ya kemikali.

Wanasayansi watatu, Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi pamoja na John Vane wa Uingereza, walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa utafiti wao juu ya prostaglandini. Vane alikuwa ameonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usizitengeneze. Dawa za ukoo huo, kama ibuprofeni, ndizo ambazo madaktari huziandika zaidi kwa maumivu ya hedhi hadi leo.

Ndani ya Mji wa Kale

Kutoka Marikiti hadi Mji wa Kale ni mwendo wa miguu. Unaweza kupitia mtaa wa Biashara, ambako leso huning'inia milangoni kwa mamia, kila moja na jina lake. Ukifika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, ingia Ndia Kuu. Hapo magari hupungua, njia hubana, na roshani za mbao huinama juu yako. Milango ya nakshi, muuza kahawa tungu na dele lake la shaba, paka wasio na haraka, na kwa mbali harufu ya udi inayotoka katika nyumba ya mtu.

Katika nyumba moja upande wa Kibokoni tulipokewa na bibi mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa somo wa wasichana wa mtaa. Mila hii ya somo, ambayo kwingine huitwa kungwi, ni ya kale. Msichana akivunja ungo, hakabidhiwi mama yake mzazi kwa mafunzo, maana haya huwazuia wote wawili. Hukabidhiwa mwanamke mwingine mzima, naye ndiye humfundisha usafi, adabu na namna ya kuzihesabu siku zake.

"Shikamoo, bibi," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu. Wewe ndiye unayesumbuliwa na tumbo?"

Nilistaajabu kuona jinsi mtoto ambaye nyumbani hasemi neno alivyofunguka mbele ya mgeni. Bibi alimuuliza damu hutoka siku ngapi, hubadilisha pedi mara ngapi, maumivu huanza lini na huisha lini, na kama huumwa hata siku ambazo hana hedhi. Baadaye nilikuja kuyasikia maswali yayo hayo kinywani mwa daktari.

Kisha akamwonyesha matunzo yake. La kwanza ni moto. Chupa ya maji moto huvingirishwa kwenye leso kuukuu, ikawekwa chini ya kitovu, mtu akalala kwa ubavu na kukunja magoti. La pili ni kukandwa. Bibi alimimina uto wa simsim katika kibakuli, akauweka juu ya maji moto upate uvuguvugu, akautia marashi ya waridi kidogo. Alimkanda kwa kiganja kizima, polepole, akizungusha kama anayesaga, kisha akahamia mgongoni kwenye kiuno.

"Tumbo halifinywi," alionya. "Mkono wa kukanda ni mkono wa kubembeleza mtoto. Anayekubana mpaka ukalia, huyo hakukandi, anakuumiza."

La tatu ni mafusho. Chetezo kilitiwa makaa machache na ubani, chumba kikajaa harufu tamu. Ubani ni utomvu wa miti inayoota katika nchi kavu, hasa Somalia na Dhofar ya Oman, na umeingia katika bandari za pwani hii kwa karne nyingi. Bibi hakudai kwamba moshi unatibu chochote. Alisema kwamba mtu aliye katika maumivu akikaa mahali panaponukia vizuri, moyo wake hutulia, na moyo ukitulia mwili nao hulegea. Aliongeza jambo moja muhimu: wako wanawake wanaokaa juu ya chetezo wakijifukiza sehemu za siri, na yeye huwakataza wasichana kufanya hivyo. Amewaona walioungua.

Wataalamu wamepata nini

Msomaji wa mjini atauliza, je, haya yana ukweli au ni porojo za wazee? Jibu ni kwamba mengi ya hayo yamepimwa, na baadhi yameonyesha dalili njema.

Tuanze na tangawizi. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 150 wenye maumivu ya hedhi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja lilimeza unga wa tangawizi wa miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo. Mengine mawili yalipewa ibuprofeni na asidi mefenamiki, dawa za hospitali. Nafuu ya makundi yote matatu ilikaribiana. Mwaka 2015 watafiti waliokusanya majaribio kadhaa ya namna hiyo waliona kwamba tangawizi ya miligramu 750 hadi 2000 kwa siku ilipunguza maumivu kuliko dawa bandia. Hata hivyo, jopo la kimataifa la Cochrane lilipoyachungua majaribio ya mitishamba na virutubisho mwaka 2016, lilionya kwamba mengi ni madogo na ushahidi wake bado ni dhaifu. Kwa hiyo tangawizi ina matumaini, lakini asije mtu akaiita muujiza.

Mdalasini nao ulijaribiwa huko huko Iran. Ulishinda dawa bandia, lakini ukashindwa na ibuprofeni.

Kuhusu mafuta yanayonukia, mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini waliwachukua wanafunzi 67 wa chuo. Baadhi yao walikandwa tumbo kwa mafuta ya lozi yaliyotiwa matone ya lavenda, waridi na mmea mwingine wa harufu wa jamii ya mrehani. Walipata nafuu kuliko waliokandwa kwa mafuta ya lozi matupu. Mwaka 2013 wenzao wa Misri walifanya jaribio kama hilo na wanafunzi wa uuguzi. Na sikiliza, msomaji, walichochanganya: mdalasini, karafuu, waridi na lavenda. Ukiondoa lavenda, hivyo vyote ni vitu ambavyo wanawake wa Mji wa Kale wamevijua tangu wakiwa wachanga. Huko nako maumivu yalipungua, na hata muda wake ukawa mfupi.

Na joto je? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walilinganisha kitambaa cha joto la nyuzi 39 kinachovaliwa tumboni na vidonge vya ibuprofeni. Kitambaa kilituliza maumivu sawasawa na vidonge. Chupa ya bibi ndani ya leso haikuwa upuuzi.

Namna ya kujisaidia nyumbani

Chai ya tangawizi: Ponda kipande kibichi kinacholingana na kidole gumba, chemsha katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, chuja. Ukipenda ongeza kijiti kidogo cha mdalasini mwembamba, ndimu au asali. Kunywa vikombe viwili hadi vitatu kwa siku. Anza siku moja au mbili kabla ya damu kutoka, maana kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza. Inywe baada ya kula, isije ikakuletea kiungulia.

Mafuta ya kukandia: Kama unatumia mafuta makali ya karafuu yanayouzwa kwenye vichupa vidogo, tia tone moja tu katika kijiko kikubwa cha uto wa simsim au mafuta ya nazi. Pakaza kwanza kidogo kwenye mkono na ungoje hadi kesho yake. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, yaache. Yakikukubali, jikande kwa dakika kumi kila siku katika wiki inayotangulia hedhi.

Joto: Maji ya chupa yawe moto wa kuvumilika, na chupa ivingirishwe vizuri. Usiilalie usingizi mzito.

Mwili: Kutembea kwa mwendo wa kawaida na kunyosha viungo husaidia wengi, ingawa siku hiyo mtu hutamani kitanda tu.

Tahadhari

Kwamba kitu kimetoka shambani si hati ya usalama. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma ngozi. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kiasi kidogo, yanaweza kumharibu ini, kwa hiyo kichupa kikae mbali naye. Hakuna mafuta makali yoyote ya kunukia ambayo ni ya kunywa.

Uwatu hushusha sukari ya damu, basi mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze kwanza na daktari wake. Tangawizi nyingi haimfai anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, asinywe uwatu kama dawa wala shubiri, ambayo baadhi ya watu hupenda kuchanganya katika dawa za chango. Huko ni kucheza na uhai wa watu wawili.

Nazo dawa za duka si adui. Ibuprofeni ikinywewa mapema na baada ya chakula, kwa kipimo kilichoandikwa, huwafaa wengi. Haiwafai wenye vidonda vya tumbo wala baadhi ya wenye pumu. Muulize mwenye duka la dawa aliyesomea kazi yake.

Si kila tumbo ni la kuzoea

Sasa tufike pale ambapo viungo vyote vya Marikiti havitoshi. Yako maradhi yanayojificha nyuma ya hedhi. Mojawapo ni endometriosisi, ambapo utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, matumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata takriban mmoja kati ya kila wanawake kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Wengi wao hukaa miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa, kwa sababu kila wanapolalamika huambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo, au kwamba wakizaa yataisha. Maradhi mengine ni uvimbe wa mji wa mimba na maambukizo ya njia ya uzazi.

Mwone daktari ukiona mojawapo ya haya: maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, maumivu siku zisizo za hedhi, wakati wa kwenda haja kubwa au katika tendo la ndoa, damu nyingi hata pedi ikajaa kila saa moja au mbili, homa au uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu mapya kwa mwanamke mzima ambaye hapo awali hakuyajua. Na maumivu makali ya ghafla kwa aliyekosa siku zake ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, maana huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.

Binti yetu tulimpeleka kwa daktari kabla ya kurudi Nairobi. Baada ya maswali na uchunguzi aliambiwa kwamba yake ni yale ya kawaida, na akashauriwa kuanza ibuprofeni mara tu dalili zinapojitokeza. Daktari alipoambiwa habari za tangawizi na kukandwa, alisema havina ubaya na kwamba aendelee navyo. Zaidi ya yote alimwambia aweke daftari: tarehe, siku, kiasi cha damu, kiwango cha maumivu na alichotumia. Muhula uliofuata alikosa darasa siku moja badala ya sita. Daftari hilo analo, na sasa rafiki zake wawili wameiga.

Jambo la nyumba nzima

Kenya imepiga hatua katika mambo haya. Mwaka 2004 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye pedi, na mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana walio shuleni wapewe pedi bila malipo. Lakini pedi huzuia damu tu. Haizuii maumivu, wala haiwezi kumsemea msichana anayeogopa kumwambia mwalimu wa kiume kwa nini ameinamia dawati.

Hapo ndipo sisi wa mijini tunapoweza kujifunza kutoka kwa somo wa Mji wa Kale. Katika nyumba zetu za vyumba viwili, shangazi yuko kaunti nyingine, nyanya yuko kijijini, na mama anarudi usiku akiwa hoi. Nani atamuuliza msichana maswali yale? Akina baba nao hawana budi kujua. Hakuna aibu kwa baba kupitia dukani na kumnunulia binti yake tangawizi na pedi katika mfuko mmoja na maziwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha maumivu naye hapati tiba, hata kama magunia yote ya Marikiti yangefunguliwa mlangoni pake. Ukienda Mombasa likizo ijayo, usisahau tangawizi na ule mdalasini mwembamba. Lakini kabla ya kufunga safari, muulize binti yako, dada yako au mkeo swali moja kwa upole: siku zako zikifika, unajisikiaje? Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.